Tuta la Shingo

Niliporudi nyumbani nilikuta mapengo yamejazwa.

Kumweleza hasira ile mtu ambaye hajawahi kulima stroberi ni kazi. Kwa mtu wa kawaida tuta lililojaa ni tuta zuri. Lakini mume wangu aliyaacha yale mapengo kwa makusudi, kama fundi anavyoacha nafasi ya mlango anapojenga ukuta. Nikasimama pale kwenye banda la plastiki, mkoba bado begani, nikaona kwamba mtu mwenye upendo mwingi ameuziba mlango kwa matofali.

"Umeona?" Shangazi akasema nyuma yangu. "Nimekujazia. Watu wasije wakasema mwenye shamba kafa na shamba lake."

Nikampita nikaingia ndani. Nilijua nikifungua kinywa nitatoa neno ambalo halitarudi.

Shangazi huyu ni wa mume wangu, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Ni mshonaji. Ameachana na cherehani kwa sababu ya mgongo, lakini mikono yake haijakubali kustaafu. Alikuja kwenye msiba, na wenzake walipoondoka yeye akabaki. Mimi dada zangu walinichukua nikakae kwao, kwa kuwa nilikuwa sili wala silali. Nikamwachia funguo, nikamwomba kitu kimoja tu: amwagilie maji. Nani angefikiria kumwambia bibi mwenye mgongo mbovu asipande?

Mume wangu watu walimwita Kidole. Tangu utotoni hakuweza kuona kitu bila kukigusa: unga, keki ya watu, rangi mbichi ya ukutani. Mchana alifanya kazi ya kuuza miche kwenye kitalu cha watu. Jioni na siku za mapumziko alikuwa bandani, kwenye kiwanja cha kukodi nyuma ya nyumba yetu, akitafuta stroberi ambayo haikuwepo duniani.

Namna yenyewe ni hii. Unachukua ua la mama kabla halijafunguka, unalifungua kwa kibanio kidogo cha nyusi, unatoa vile vichwa vya njano vyenye unga, kimoja kimoja, bila kugusa katikati. Kisha unaleta unga wa baba kwa brashi laini, unalivika ua kifuko cha karatasi. Vifuko nilikunja mimi. Mama yetu alikuwa stroberi ya zamani yenye harufu ya kujaza chumba, lakini laini mno, ukiishika inakulilia kiganjani. Baba alikuwa ile nyekundu ngumu ambayo kila mtu anailima kwa sababu inastahimili safari. Ukiila ni kama umekunywa maji ya bomba. Sisi nyumbani tuliiita Jirani, maana huwezi kutoka nje usikutane nayo.

Tunda likiiva unakwangua mbegu kwenye ngozi yake, unazipanda, na kila mbegu inatoa mtoto wa aina yake. Mbegu ya stroberi haimrudishi mama yake. Watoto wa tumbo moja, kila mmoja na kichwa chake. Ukimpata unayemtaka humzalishi tena kwa mbegu, unangoja atoe mikono. Mikono ndivyo tulivyoviita vile vitawi vyembamba vinavyotambaa chini, kila kimoja na mche mdogo nchani. Mche ule ukishika udongo ni yeye yule yule, si mtoto wake.

Kidole alitupa mamia. Aliuma, akatema, akang'oa. Mimi nilikuwa ulimi wake wa pili.

"Ikoje?"

"Tamu."

"Usiniambie tamu. Tamu ni neno la wavivu. Sukari tamu, usingizi mtamu, umbea mtamu. Hii ikoje?"

Nikajifunza kueleza. Hii inakwaruza pembeni mwa ulimi. Hii ina harufu tu, ukiuma hamna mtu ndani. Hii imeshiba maji. Mara nyingine nilikasirika nikamwambia mimi nimeolewa, sijaajiriwa, naye akacheka akanipa nyingine.

Kisha likaja lile tunda. Lilikuwa jekundu kote, lakini chini ya kofia yake ya majani lilibaki na shingo nyeupe, kama mtu aliyevaa kola. Nikasema halijaiva.

"Onja."

Nikaonja, nikauma tena.

"Sema basi."

"Inaanza kama nanasi," nikasema. "Katikati inakuwa yenyewe, sina jina lake. Halafu ukishameza, inarudi."

"Inarudi," akasema, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Umesikia ulichosema? Inarudi."

Tukaiita Shingo. Mche ule wa kwanza aliuhamishia kwenye ndoo ya rangi karibu na mlango wa banda, na mingine yote ilitoka kwenye mikono yake.

Lakini kuipata ni nusu ya kazi. Ili ofisi inayosajili aina mpya za mimea iikubali, lazima ielezwe: jani, ua, kofia, tunda, ngozi, nyama ya ndani, kila kitu. Mkaguzi anakuja kuona kwa macho yake kwamba inatofautiana na zilizopo, na kwamba miche yake yote inafanana. Kwa hiyo Kidole alipanda tuta la Shingo, na kando yake tuta la Jirani la kulinganishia, na kati yake njia tupu. Kila wiki alipita na mkasi akirudisha mikono iliyovuka. "Asivuke mtu," alikuwa akisema. Na mche wowote wa Shingo aliokuwa na shaka nao aliung'oa, akaacha pengo wazi, ajue kila aliyebaki ni nani.

Alikufa maua yakikaribia. Aliniambia kichwa kinamuuma kidogo tu, kisha siku moja akaanguka kwenye ngazi ya jikoni, na hospitalini daktari akaniambia uvimbe ule haukuanza jana. Nikamuuliza Kidole kitandani, ulikuwa unajua? Akaniambia, "Mwambie mkaguzi asikose kuja." Nilifikiri ni ugonjwa unaosema. Siku zilizobaki hazikutosha hata kugombana.

Sasa mikono ilikuwa imevuka njia wiki zote zile bila mtu wa kuirudisha, na Shangazi akaikuta.

Nilipoweza kuongea tulikuwa jikoni, yeye anamenya viazi.

"Shangazi, ile miche uliitoa wapi?"

"Ilikuwa imelala njiani, mwanangu. Mizizi inayo, imelala kwenye udongo mkavu kama watoto waliokosa kitanda. Na vitanda vitupu vipo. Nikasema hapana, hii ni dhambi."

"Uliitoa upande upi?"

"Upande upi tena? Stroberi si stroberi?"

Nikashika ukingo wa meza. "Ni sawa na mtu kuingia wodi ya wazazi akapanga watoto upya kwa sababu vitanda vimekaa vibaya."

"Sasa unanitukana."

"Bado, Shangazi. Nikianza utajua."

Akaweka kisu chini. "Wema wangu umenitokea puani. Asante ya punda."

"Ni mateke, najua. Umebakiza methali ngapi?"

"Za kukutosha wewe zipo."

Nikampigia mkaguzi. Alikuwa mtu mpole anayeongea kama ana mafua mwaka mzima. Nilimweleza ukweli. Akasema hawezi kunisaidia zaidi ya sheria. Mimea isiyofanana na wenzake wao wanaiita wageni. Katika tuta la ukubwa ule mgeni mmoja anavumiliwa. Akiwepo wa pili, anaandika kwamba aina haifanani, anafunga, na mwenye aina anaanza upya kwa misimu miwili.

Mimi misimu miwili sikuwa nayo. Mwenye kiwanja alikuwa ameshatuambia anataka kujenga. Tukivuna msimu huu, banda linang'olewa. Shingo ikikataliwa safari hii ingebaki kuwa mche wa kwenye ndoo, stroberi ambayo mke wa marehemu anasema ni tofauti.

Mtu atauliza kwa nini sikung'oa miche yote michanga nikamaliza. Kidole mwenyewe alikuwa amepanda michanga ya Shingo muda mfupi kabla hajalazwa, na bila hiyo tuta lisingetimiza idadi inayotakiwa. Na Shangazi alikuwa ameokota pande zote mbili: mingine ya Shingo, mingine ya Jirani. Hakukumbuka alipoweka nini. Njia ilikuwa moja tu, kuutazama mche mmoja mmoja na kuuuliza wewe ni nani. Kwa maneno mengine, kazi ile ya kueleza, ambayo Kidole aliifanya kichwani na kwenye vidole vyake akaiacha nusu, ilinibidi niifanye mimi.

Asubuhi yake nilikwenda bandani na kigoda. Shangazi akaja na kigoda chake na miwani yake miwili, ya mbali na ya karibu.

"Sijakuita."

"Najua hujaniita. Nimeharibu mimi, nitakaa hapa hapa unitazame vibaya."

Tukaanza na mche wa kwenye ndoo, ambao hakuna aliyeugusa, na mche wa Jirani wa katikati kabisa ya tuta lake. Nikachuma jani la huku na la huku, nikayaweka kwenye goti. Mwanzoni yalikuwa majani tu. Nilitaka kulia kwa hasira, kwamba miaka yote nilikuwa napewa tunda, sikupewa jani.

Shangazi aliyashika kwa pindo, kama anayepima kitambaa dukani.

"Hili la Jirani limekatwa kwa mkasi wa meno," akasema. "Ona ncha zake, kali. Hili la kwenu limekatwa kwa mkasi wa kawaida, na mkataji hakuwa na haraka. Mviringo, mviringo, mviringo."

Ilikuwa kweli, na nikakasirika zaidi. Sikutaka awe na faida yoyote siku ile.

Tukaenda kwenye ua. Petali za Shingo zinalaliana, moja inaingia chini ya nyingine kama marinda ya sketi. Za Jirani zina nafasi kati yake, kama mtoto anayeota meno. Kwenye kikonyo cha ua kuna vinyweleo. Vya Shingo vimelala kuelekea juu, vya Jirani vimesimama wima. Nilipitisha kidole kwenye kikonyo kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kuja chini, na mara ya pili kikanikataa kidogo. Nikakumbuka Kidole akifanya hivyo hivyo huku anaongea na mimi mambo mengine, bei ya mafuta, umbea wa kazini. Nilidhani anachezea.

Tukapita mche kwa mche. Jani, ua, kikonyo. Tukikubaliana ni Shingo, tunaendelea. Tukikubaliana ni Jirani, nang'oa. Kila nilioung'oa niliutupa nikilenga nguzo ya banda.

"Mche haujakukosea," Shangazi akasema. "Aliyekukosea ni mimi."

"Wewe siwezi kukung'oa."

"Jaribu. Mgongo wenyewe umeshalegea."

Nikageuka pembeni asione uso wangu. Mtu aliyekukasirisha hana haki ya kukuchekesha.

Siku ya pili tulifika karibu na mwisho wa tuta, upande wa bomba. Pale nikakuta ua lenye nafasi kati ya petali. Nikatazama jani: mkasi wa meno. Kikonyo: vinyweleo wima. Na mche wa pili yake vile vile, na wa tatu.

"Na huku napo ulifika," nikasema. "Hukuacha hata kona."

"Huku sijafika."

"Shangazi."

"Sijafika, nakuambia. Huku maji yanatuama, ningeteleza nikaanguka mkanizika naye. Niliishia pale kwenye kile kigingi."

"Basi imepandwa na shetani."

Alipiga magoti, jambo ambalo mgongo wake haukumruhusu, akiguna huku anashuka. Akafukua udongo kwa kidole kuzunguka mche. Shina lilitokea, nene, la kahawia, na mabaki ya vikonyo vya majani ya zamani, tabaka juu ya tabaka. Miche yake yeye ilikuwa na shina kama penseli. Hili lilikuwa kama dole gumba.

"Huu una umri," akasema.

Akafukua wa pili. Wa tatu. Hadi mwisho wa mstari. Yote ilikuwa mikubwa, iliyopandwa siku ile tuta lilipopandwa, msimu uliopita, kabla ya ugonjwa ninaoujua mimi. Na tuta lile lilipandwa na mtu mmoja tu.

Kidole angeweza kumtambua Shingo akiwa amefumba macho. Nilijaribu kuikumbuka siku ile. Aliporudi kutoka kupanda aliketi mezani akamimina chai pembeni ya kikombe, ikaenea kwenye kitambaa. Akacheka, akasema ni usingizi. Na mimi nikafuta.

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa bado amepiga magoti, lakini hatazami mche, anatazama mikono yake.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Mwanangu."

"Ulijua nini?"

Akapangusa udongo vidoleni. "Alikuja kwangu kabla hajapanda tuta hili. Alitaka nimshonee vifuko vya kitambaa vya kuvika maua, alisema vya karatasi vinaloa. Nikampa sindano anitungie uzi, mimi macho yangu si unayajua. Akatunga hewa. Akajaribu tena, akatunga hewa. Nikamwambia, mwanangu, una nini? Ndipo akaniambia."

"Akakuambia nini?"

"Kwamba daktari ameona kitu kichwani. Kwamba wakimpasua anaweza kuamka bila macho, au bila maneno. Akasema hawezi kupasuliwa kabla Shingo haijaelezwa. Kwamba hiyo kazi inataka macho na inataka maneno."

"Na mimi?"

"Akasema, 'Nikimwambia mke wangu, atanipeleka hospitali leo hii.'"

"Ningempeleka."

"Ndivyo alivyosema. Akaniapisha."

Niliinuka. Sijui nilitaka kwenda wapi, banda lenyewe dogo. Kumbe alipima. Upande mmoja aliniweka mimi, upande wa pili akaweka tunda lenye shingo nyeupe, akatazama mizani, akachagua. Na hakuchagua peke yake, alikwenda kwa shangazi yake wakachagua wawili. Miezi yote ile nilikuwa nafua nguo, napika, naonja matunda, naambiwa tamu ni neno la wavivu, na mimi peke yangu ndiye sijui kwamba nyumba inaungua. Na aliyakataa matibabu ili asipoteze macho, na macho yalikuwa yameshampotea. Ushahidi ulikuwa pale mbele yangu, umechanua: alimpanda Jirani katika tuta la Shingo, akamfukia mizizi vizuri, akarudi nyumbani akiwa ameridhika.

"Mficha maradhi," Shangazi akasema taratibu, "kifo..."

"Usimalizie."

Akashika kigoda chake, akajiinua.

"Ondoka, Shangazi. Nenda nyumbani kwako."

"Siendi."

"Nimesema nenda."

"Nimesikia. Nitakwenda tukimaliza tuta. Wewe nitukane, huku tunafanya kazi. Mimi nilimlea, nikamwona anatunga hewa, nikanyamaza. Kuna tusi gani utanipa ambalo sijajipa?"

Kwa hiyo nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na alikuwa anaitikia, "Ndiyo," "Ndiyo, mwanangu," huku amenishikia ndoo. Nilimwambia kwamba alinilia mume wangu. Nilimwambia ale viapo vyake. Kisha maneno yakaisha kabla ya hasira, nikawa nang'oa kimya kimya ile miche ya mwisho wa mstari, ile aliyoipanda Kidole mwenyewe. Mizizi yake ilikuwa imeshika kweli kweli, ilibidi niupasue udongo.

Nikafika kwenye mche wa mwisho, ule wa chini ya bomba. Nikaushika shingoni. Nikauacha.

"Na huo?" Shangazi akauliza.

"Uache."

"Ni Jirani huo."

"Mmoja anavumiliwa."

"Na kama kuna mwingine tumempita? Wewe ni macho mawili, mimi ni miwani miwili. Tukikosea mahali pamoja tu, tumekwisha."

"Basi tusiwe tumekosea."

Alifikiri nimelainika. Aliniwekea mkono begani, nikautoa. Sikuuacha mche ule kwa mapenzi. Watu walikuwa wamekuja na kuniambia marehemu alikuwa mtu mwema, na kila nilipotaka kumkasirikia nilikuta picha ukutani inacheka. Huwezi kugombana na picha. Nilitaka kitu kimoja alichokosea kwa mkono wake, kiwe hai, kinitazame.

Tukapita tuta zima upya, safari hii kutoka mwisho kwenda mwanzo, kisha tena matunda yalipoanza kushika rangi. Shangazi hakwenda nyumbani kwake, wala mimi sikumwambia abaki.

Mkaguzi alikuja matunda yakiwa yameiva, na viatu vya mpira na lenzi ndogo kwenye kamba shingoni. Alitupa pole, akaingia kazini. Alianzia mwanzo wa tuta. Anainama, anageuza jani, anainua tunda, anasogeza kofia kwa kucha, anaandika, anasonga. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa miwani ya mbali.

Katikati ya tuta alisimama. Alikuwa ameinua tunda jekundu hadi juu, halina shingo kabisa. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule. Nilimsikia Shangazi akivuta pumzi. Mkaguzi akachukua tunda jingine la mche ule ule, akakunja kofia yake nyuma kabisa, akaweka lenzi. Shingo ilikuwepo, nyeupe, imejificha chini ya majani ya kofia. Akachora kitu, akasonga mbele.

Akafika chini ya bomba.

"Huyu mgeni," akasema.

"Ndiyo."

"Mlimwona?"

"Tulimwona."

Akaondoa lenzi jichoni. "Mama, ningemkuta mwingine mmoja tu, mmoja, ningefunga hapa hapa. Mlimwachia nini?"

"Alipandwa na mwenyewe."

Akamtazama Shangazi, kama kuomba maelezo ya ziada. Shangazi akainua mabega. "Anamgombeza," akasema. "Kila asubuhi. Mimi nimeshazoea."

Mkaguzi akaandika moja. Kisha akakata tunda la Shingo kwa kisu, akapima, akabonyeza, akaandika rangi ya nyama, akaandika kwamba mbegu zimesimama juu ya ngozi hazikuzama. Mwisho akaweka kipande mdomoni. Akatafuna. Alimeza, akawa kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Ladha yake mnaielezaje?" akauliza.

"Inaanza kama nanasi. Katikati haina jina. Ukishameza, inarudi."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, inarudi." Akatazama karatasi yake. "Hapa nina utamu, uchachu na harufu. Kidogo, wastani, nyingi."

"Basi andika tamu," nikasema. "Ni neno la wavivu."

Akaandika. Kisha akauliza jina. Akaeleza kwa upole kwamba katika hali kama hizi familia nyingi hupenda kuipa aina jina la marehemu, na kwamba Kidole ni jina fupi, linakaa vizuri, hakuna aliyelitumia.

"Hapana," nikasema. "Simpi."

Shangazi akavua miwani.

"Alichagua tunda," nikasema. "Tunda amepata. Jina langu la kumwitia nabaki nalo mimi. Andika Shingo."

Ikaandikwa Shingo. Baada ya miezi ikakubaliwa, na sasa kuna watu nisiowajua wanaoilima, wanaoiita hivyo, na wengine, nimeambiwa, wanachelewa kuichuma, wakidhani ile shingo nyeupe ni ubichi. Banda limeng'olewa, pamejengwa nyumba yenye madirisha ya kioo cheusi. Shangazi alikwenda kwake na huja, na tunaongea, isipokuwa jambo lile.

Mche wa mgeni niliuhamishia kwenye kopo, uko kwenye ngazi ya jikoni, pale alipoanguka. Naumwagilia kila asubuhi kabla sijanywa chai. Ungeniambia, nauambia. Ungeniambia tu. Ningekupeleka, ungelala huko, ungeamka kipofu, ningekuwa nakuwekea majani mkononi unaniambia hili nani na hili nani, na maneno ningeyatafuta mimi. Ulidhani sina maneno? Ulinifundisha wewe.

Mche wenyewe unazaa sana, kama Jirani wote. Matunda mekundu hadi juu, magumu, ladha ya maji ya bomba. Nayala yote. Ukishameza, hakuna kinachorudi.